Shajara ya mradi wa sauti sebuleni: kompyuta ya mtumba, amplifaya ya Japan na kanda za baba mdogo

Wiki ya 1, Jumamosi

Naandika hii nisije nikasahau nilichofanya, maana mradi uliopita (ule wa inveta) nilishindwa kurudishia waya nilizochomoa mwenyewe. Lengo ni moja tu, kanda za baba mdogo. Zipo kama sitini kwenye boksi la sabuni, nyingi alirekodi redioni miaka ya 80, dansi tupu na taarab kidogo, na kila nikizipiga kwenye sabufa yetu ya sebuleni nasikia besi tu, dundu dundu dundu. Yeye anasema magitaa yalikuwa matatu. Mimi nasikia moja na nusu.

Mpango ni kuzihamishia kwenye kompyuta, halafu kompyuta hiyohiyo ndo iwe chanzo cha muziki wote hapa nyumbani. Nilivyonavyo: kompyuta ndogo ya ofisi ya mtumba (i5, RAM 8), spika mbili za mbao zenye koni ya inchi 6 na nusu nilizozipata kwenye vitu vya kontena kwa 90,000/=, na deki ya kanda ya shemeji ambayo haijawashwa miaka mingi. Bajeti laki sita, na Mama Nasra anaijua hiyo namba kwa hiyo hamna ujanja.

Jumatatu

Nimepata amplifaya Kariakoo, ya stereo, ile mizito ya zamani yenye vitufe vya chuma, 180,000/=. Ni ya soko la Japan. Muuzaji ananiambia "bosi hii chomeka tu", nikaigeuza nyuma nikasoma, AC 100V. Sisi ukutani tuna 230. Ningeisikiliza sekunde mbili halafu ningebaki na boksi la moshi.

Stepdown za dukani karibu zote zinatoa 110, ambayo kwa mashine ya 100 ni asilimia 10 juu, itawaka ndio, ila itachemka na kila kitu ndani kitafanya kazi juu ya kiwango chake. Kuna fundi hapa Tabata anasuka mota za pampu, nikampelekea, akanisukia transfoma inayotoa 100 kamili, VA 300, kwa 65,000/=. Nimepima kwa mita bila mzigo, 103. Safi.

Jumanne

Imewaka. Inaunguruma.

Jumatano hadi Ijumaa

Siku tatu za mvumo. Niandike vizuri maana hapa ndo nilipopoteza akili.

Kosa la kwanza nililofanya ni kudhani ni mvumo mmoja. Ilikuwa mitatu. Wa kwanza hata haukuwa kwenye spika, ni transfoma yenyewe, chuma chake kinatetemeka na nilikuwa nimeiweka juu ya kabati la TV ambalo ni ubao mwembamba, kabati zima likawa ngoma. Nimekata kandambili mbovu vipande vinne nikaviweka chini yake, nikaishusha sakafuni, kimya. (Kandambili ya nani, hilo swali limeulizwa na halijajibiwa.)

Wa pili ulikuwa kwenye spika zote mbili, ule mzito wa umeme, na unaongezeka ukipandisha sauti. Nikachomoa kila kitu nikabaki na amplifaya tupu: kimya. Nikarudisha kompyuta peke yake: karibu kimya. Nikarudisha king'amuzi: VUUUUM. Nikachomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi huku kila kitu kingine kimechomekwa: kimya tena. Kumbe mzunguko uko hivi, kompyuta ina plagi ya miguu mitatu kwa hiyo imeshika ethi ya nyumba, dishi nalo nguzo yake ya chuma imesimikwa ardhini, halafu amplifaya imekaa katikati imeunganishwa na wote wawili kwa zile waya za AV nyekundu na nyeupe. Ethi mbili zisizolingana, umeme kidogo unatiririka kutoka moja kwenda nyingine kupitia ganda la nje la waya wa sauti, na ganda hilohilo ndo njia ya kurudia ya muziki, basi amplifaya inaukuza kama vile ni wimbo.

Fundi redio wa mtaani akaniambia solusheni ni rahisi, kata ule mguu wa ethi kwenye plagi ya kompyuta. Kweli mvumo ungeisha. Na siku pawasapulai ikipiga shoti kwenye bodi lake, mtoto akigusa amplifaya ndo anakuwa ethi yeye. Hapana aisee. Usikate ethi, kata njia ya sauti.

Wa tatu mdogo lakini ndo unaoudhi kuliko yote, "ziii-zi-ziii" unaofuata mausi. Ukisogeza mausi, unalia, ukifungua ukurasa mzito, unalia. Huo unatoka ndani ya kompyuta, tundu la hedifoni liko kwenye bodi moja na prosesa na feni na takataka zote.

Wiki ya 2, Jumanne

Dawa ya wa pili na wa tatu imekuwa moja: mwanga. Nimenunua kikadi cha USB chenye tundu la waya wa mwanga (48,000/=) na DAC ndogo inayopokea mwanga (85,000/=). DAC ndo kile kisanduku kinachobadilisha namba za kompyuta kuwa umeme wa kwenda kwenye amplifaya. Kati ya hivyo viwili hakuna shaba hata uzi mmoja, ni plastiki inayopitisha taa nyekundu, kwa hiyo uchafu wa umeme wa kompyuta hauna pa kupita. DAC nimeipa chaja yake mbali na kompyuta.

Nimerudisha dishi, nikapandisha sauti mpaka robo tatu bila wimbo, nikabandika sikio kwenye spika. Shhhh kidogo sana ya amplifaya, basi. Nilikaa hapo kama dakika tano nasikiliza hamna kitu na nilikuwa na furaha kupita kiasi.

Alhamisi

Setingi za Windows. Watu wengi wanaanzia hapa, mimi nilijua ningekuja kujipotezea muda na nimejipotezea.

CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16. Windows ikiachwa kawaida inachanganya sauti zote (wimbo, meseji, matangazo) kwenye bakuli moja lenye kasi moja, mara nyingi 48,000, kwa hiyo wimbo wa CD unabadilishwa kasi njiani. Nikaweka foobar2000, programu ya kupiga muziki, na kuiambia itoe kwa njia ya WASAPI ile ya kushika kadi peke yake, hapo bakuli linarukwa na namba zinaenda DAC kama zilivyo. Inapendeza roho. Kama nilisikia tofauti? Nilijiambia nimesikia.

Ila kitu nilichosikia kweli, bila kujiambia, kilikuwa kwingine kabisa, kabla ya hiyo foobar: kwenye propati za kadi kuna ukurasa wa "viboreshaji" na kile cha kusawazisha ukubwa wa sauti kilikuwa kimewashwa. Hicho kinavuta sauti ndogo juu na kukandamiza kubwa, muziki wote unakuwa bapa kama chapati. Nimekizima, ngoma zikaanza kupiga. Kitufe kimoja, bei sifuri.

Ijumaa

Mafaili. Nilikuwa na FLAC (mafaili ya muziki yaliyobanwa bila kupoteza kitu) kama 40 nilizopewa kwenye flashi, nikazifungua na Spek, programu ya bure inayochora masafa yote kwa rangi. 26 kati yake zimekatwa kama kwa rula kwenye 16 kHz, juu ya hapo kweusi. Hiyo ni alama ya MP3 ndogo iliyovalishwa kanzu ya FLAC, faili likawa nene lakini kilichopotea hakirudi. Nimefuta. CD zangu halisi (nina 31) nazitoa mwenyewe na Exact Audio Copy, ni ya polepole lakini inasoma sehemu yenye mikwaruzo tena na tena mpaka iridhike. CD ya saa nzima ni kama MB 635 ikiwa mbichi, kwenye FLAC inashuka karibu nusu na hakuna namba inayopotea.

Jumapili

Mvua. Umeme ukakatika saa 8 mpaka usiku. Nimepanga kanda kwa mwaka, basi.

Wiki ya 3, Jumatatu

Sasa chumba. Besi inavimba kwenye noti fulani fulani tu, gitaa la besi likishuka noti mbili linameza kila mtu halafu noti inayofuata halipo. Sebule ni mita 4.2 kwa 3.6, dari la jipsam mita 2.8, ukuta wa tofali, sakafu vigae. Ukipiga kofi katikati inajibu "ndrrrr" kama kuna mtu anachana karatasi.

Hesabu ni rahisi: kasi ya sauti gawanya kwa mara mbili ya urefu. Vitabu vinaandika 343 lakini hiyo ni ya nyuzi 20, Dar saa hizi ni 30 kwa hiyo naweka 349. Inakuja 41.5 Hz kwa urefu, 48.5 kwa upana, 62 kwa dari. Hizo ni noti ambazo chumba chenyewe kinaimba.

Jamaa anayeshika mitambo ya kwaya kanisani kwao kaniazima maiki ya vipimo ya USB, ile inayokuja na faili lake la kalibresheni. Programu ni Room EQ Wizard, bure, inapiga mlio mmoja unaopanda "wuuuuiiip" kutoka chini hadi juu halafu inachora mchoro.

Jumanne

Jaribu kupima sauti Dar wakati wa masika. Mvua juu ya bati ikinyesha maiki inasoma mvua. Mvua ikiacha, pangaboi. Ukizima pangaboi, bodaboda. Nimekuja kupata dakika kumi za kimya saa 9 usiku na nikapiga "wuuuuiiip" mara nne, mbwa wote wa mtaa wakaitika, na asubuhi jirani kaniuliza kwa upole kabisa kama nina kifaa cha kufukuza popo.

Matokeo: nikikaa kwenye kochi lililobandikwa ukutani, kwenye 48 kuna mlima wa desibeli 13, na 41 nayo ina mlima wake. Kochi liko ukingoni na ukingoni ndiko besi zote zinakojikusanya. Nikaisogeza maiki mbele hatua kwa hatua, sentimita 20 kila mara, na mlima wa 41 ulikuwa unapungua mpaka katikati ya chumba ukazama kabisa, ikawa shimo. Kwa hiyo ukutani mlima, katikati shimo, pazuri pako kati ya hapo, kwangu mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma. Mlima wa 48 ndo haujali, huo ni wa upana, mambo yake ni ya spika zimekaa wapi, nimezileta ndani kidogo ukashuka hadi 9.

Kikao cha ndani kimekaa kuhusu kochi kuwa katikati ya sebule. Tumekubaliana mita 1, na litarudi ukutani wageni wakija.

Jumamosi

Kuondoa ule "ndrrrr". Pamba za studio za kununua sitaki hata kuzitaja bei. Nimechukua sufi kwa wanaotengeneza mito, kilo 9, fremu nne za mbao zenye kina cha sentimita 10, nikajaza na kufunika kwa kanga maana kanga inapumua, hewa inapita. Mama Nasra kachagua kanga mwenyewe, fundi fremu akabana zile mbili za nyuma kichwa chini, sasa majina yanasomeka kama umelewa. Zimekaa mbili pembeni, mbili nyuma ya kochi. Kofi halijibu tena. Sauti za waimbaji zimetoka kwenye spika zikasimama katikati, hiyo hata Nasra kaisikia na ana miaka 7.

Tahadhari, sufi inashika moto haraka mno. Weka mbali na soketi, mbali na ekstensheni, mbali na udi.

Na kwa besi fremu hizi hazifanyi lolote, mawimbi ya 48 Hz yana urefu wa mita 7, sentimita 10 za sufi hayazioni.

Wiki ya 4, Jumatano

Kwa hiyo besi naipunguza kwenye kompyuta. Equalizer APO, bure, inakaa ndani ya Windows na kuchuja kila sauti inayotoka. Kanuni niliyoifuata ni kushusha milima tu, mashimo usijaribu kuyajaza, maana shimo ni mawimbi yanauana yenyewe, ukiongeza unaongeza yote mawili na spika ndo inaumia. Nimeweka desibeli -8 kwenye 48 Hz, nyembamba, na -4 kwenye 62.

Nimeandika kwenye daftari saa 4 usiku: "Besi imetulia, noti zinasikika moja moja, gitaa la pili limeanza kujitokeza."

Alhamisi

Ile besi iliyotulia jana. Leo nimepima na mchoro ni uleule, haujashuka hata desibeli moja. Nimehangaika saa nzima ndo nikakumbuka foobar yangu inashika kadi peke yake, inaruka bakuli la Windows, na Equalizer APO inaishi ndani ya bakuli. Vichujio vyangu vilikuwa havifanyi kazi tangu mwanzo. Nilikuwa nimesikia kitu ambacho hakipo na nikakiandika kwa kalamu.

Ijumaa

Sijiamini tena, kwa hiyo mtihani. Mimi nimekaa na mgongo kwa kompyuta, Mama Nasra anarusha sarafu ya 200 na kubonyeza, mimi naandika A au B.

Mtihani wa kwanza: wimbo wa 24/96 (biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde) dhidi ya nakala yake niliyoishusha hadi 16/44.1. Nikapata 10 kati ya 10. Nikaanza kutamba. Mama Nasra akasema, "Baba Nasra, hicho kisanduku kinatoa sauti tik kila nikibadilisha." Kumbe DAC inabofya kasi ikibadilika, na masikio yangu yalikuwa yanasoma ile tik. Nikaipandisha ile nakala kurudi 24/96 ili tik iishe, ya juu iliyokatwa haijarudi ila kasi ni moja. Nikapata 11 kati ya 20. Hiyo ni sarafu.

Mtihani wa pili, sasa foobar iko kwenye njia ya kawaida kupitia Windows: vichujio vimewashwa au vimezimwa, ukubwa umesawazishwa kwa maiki kwenye sauti za kati maana kinachopiga juu kidogo siku zote kinaonekana kizuri. 19 kati ya 20.

Basi ile njia ya kushika kadi peke yake niliyoisifia wiki ya 2 nimeiacha, nimeweka Windows kwenye 44,100 na maisha yanaendelea. Nimesevu pia hela ya DAC kubwa niliyokuwa nimeshaanza kuiota.

Wiki ya 5, Jumamosi

Deki. Lastiki zake zilikuwa zimeyeyuka zikawa lami, nimezisafisha kwa spiriti na vijiti vya pamba nikaweka mpya, 7,000/= zote. Kichwa nacho nimekisafisha mpaka pamba ikatoka nyeupe. Deki ina plagi ya miguu miwili, haigusi ethi, kwa hiyo imeingia kwenye kikadi cha USB bila mvumo, alhamdulillah.

Narekodi na Audacity, biti 24, 48,000, vilele visipite desibeli -6. Kanda yenyewe kelele zake ni kubwa hata biti 16 zingetosha, ila 24 zinanipa nafasi ya kutoshika volumu kila wakati.

Sasa ujanja niliotamani ningeujua mapema. Pembeni ya kichwa cha deki kuna skrubu ndogo inayopanga kichwa kisimame wima sawasawa na mkanda. Kanda hizi alirekodi kwenye redio yake ya zamani ambayo kichwa chake kilikuwa na mlalo wake. Kisipolingana na changu, matoazi na nyuzi nyembamba zinakufa. Na kwa sababu kanda ni mono, njia zote mbili zina kitu kilekile, unazichanganya kuwa moja halafu unazungusha skrubu polepole na bisibisi isiyo ya sumaku: zikipishana hata kidogo sauti kali zinauana, zikilingana zinafunguka ghafla kama umeondoa blanketi.

Robo mzunguko. Gitaa la pili likatokea, mkono wa kulia wa yule mtu unasikika kabisa unavyosugua nyuzi. Dakika mbili baadaye likatokea la tatu. Nilimpigia baba mdogo hapohapo.

Jumapili

Kaja mchana. Shikamoo, maji, kochi (limerudi ukutani, nikalivuta tena mbele, akaniangalia). Nimempigia ile kanda. Kafumba macho, dakika nzima hasemi, nikajua nimeshinda. Kisha: "Mwanangu, hawa wana haraka ya wapi?"

Nikamwambia ndo ulivyo. Akasema huo wimbo kaucheza ukumbini mara mia, mwimbaji hakuwa na sauti nyembamba hivyo, na akaanza kuupiga kwa vidole kwenye mkono wa kochi, taratibu kuliko spika zangu.

Alipoondoka nikafungua Audacity nikachora masafa ya sehemu ya kimya kabla ya wimbo. Redio yake ya zamani ilikuwa na mvumo wa umeme, umo kwenye kanda, umeme wetu ni 50 Hz na mvumo unaonekana vizuri kwenye mara tatu yake yaani 150. Kwangu kulikuwa na vilele viwili vimesimama pamoja: kimoja 150, hicho ni cha deki yangu leo, na kingine 154.5, hicho ni cha sebule yake ya miaka ya 80. Asilimia 3 juu, nusu ya hatua ya piano. Umeme wa enzi hizo nao haukuwa 50 kamili kila saa, ila asilimia 3 ni nyingi, na baba mdogo alishasema kabla ya mchoro.

Nyuma ya mota ya deki kuna tundu la skrubu ya kasi. Nimezungusha, nimerekodi, nimechora. 152.8. Nimezungusha. 149.1, nimepitiliza. Nimerudi kidogo, vilele viwili vikapanda kimoja juu ya kingine vikawa kimoja.

Kanda nne nilizokwisha rekodi narudia upya. Zimebaki 60 zote basi.